Kabla ya kamera: kuosha tumbo kwa mtu anayekula mrenda na kupanda matatu

Karibu kila mtu akisikia kolonoskopi kitu anaogopa ni ile kamera. Na naelewa, ju ukielezwa mara ya kwanza kwamba mpira mrefu wenye taa utapitishwa kwa njia ya haja kubwa hadi mwisho wa utumbo mpana, lazima mwili usisimke. Lakini waliofanyiwa wengi watakuambia sehemu hio hata hawaikumbuki vizuri, unadungwa dawa ya kusinzia, unalalia ubavu wa kushoto, ukishtuka unauliza wataanza saa ngapi na kumbe wameshamaliza. Kazi ngumu iko kabla, iko nyumbani, na anaifanya mgonjwa mwenyewe na watu wake. Ni kuosha tumbo mpaka kinachotoka kiwe maji ya manjano tu. Hapo ndio kipimo kinaharibikia watu wengi na hapo ndio zile karatasi tunapewa hospitali zinatuacha njiani, ju zimeandikwa kama za mtu ako na choo ndani ya bedroom, gari nje, na friji imejaa vitu vya supermarket. Mtu wa Ugunja, huko Siaya, anaishije na hio karatasi? Hio ndio nataka tuongee.

Ndugu yangu mkubwa amenikubalia nieleze yake. Ana duka la vifaa vya ujenzi, ni mtu wa nguvu, mtu wa kubeba simiti mwenyewe vijana wakichelewa. Alipofika miaka 46 akaanza kuchoka, mchoko wa ajabu, anatoka stage anatembea kidogo tu anatafuta mahali pa kukaa. Akapimwa damu ikapatikana iko chini sana. Akapewa vidonge vya kuongeza damu, vile vya ayani, akameza, ikapanda kidogo, ikashuka tena, wakamwongezea vingine. Ilichukua muda hadi daktari mmoja akauliza swali ambalo lilifaa liulizwe siku ya kwanza: huyu ni mwanaume, hana hedhi, hajaumia, sasa damu yake inaenda wapi? Akamwandikia kolonoskopi.

Akapewa poda na karatasi ya Kizungu imesema ale chakula chenye nyuzinyuzi kidogo, anywe dawa jioni, asubuhi aje bila kula. Hakuna mtu alikaa naye chini akamuuliza wewe kwenu mnakula nini. Sasa jiulize mwenyewe, mtu wa huku kwetu akiambiwa apunguzie tumbo kazi anafanya nini? Anaacha nyama. Anakula mboga. Kwetu mboga za kienyeji ndio chakula chepesi, nyama ndio nzito, tumelelewa hivyo. Ndugu yangu akakula mrenda na ugali wa mtama siku mbili mfululizo, mahali pa samaki akaweka osuga, ile managu, na vidonge vya damu akaendelea navyo ju hakuna mahali karatasi ilisema aache. Jioni akakunywa dawa yote mara moja ili usiku amalizane nayo, asubuhi apande matatu ya kwanza. Alifanya kila kitu alichoambiwa. Kamera ikaingia, daktari akaona uchafu mweusi umeganda kwa ukuta, akasonga kidogo akasimama, kipimo kikaishia hapo, na pesa ilikuwa imelipwa.

Iliporudiwa baada ya wiki kadhaa, safari hii kwingine, sista mmoja alitupigia simu siku chache mapema akapitia chakula kimoja kimoja na sisi kwa Kiswahili na Kijaluo. Tumbo likawa safi. Uvimbe ukaonekana upande wa kulia, mbali kabisa, mahali kamera ya kwanza haikufika. Amefanyiwa operesheni, amemaliza kemo, saa hii ako dukani. Lakini zile wiki za katikati mimi nazifikiria sana, na ndio maana naandika kirefu hivi.

Kitu ya kwanza ya kuelewa ni kwa nini usafi ni lazima. Utumbo mpana una urefu wa kama mita moja na nusu na umejikunja, una mikunjo mingi ndani. Daktari anatafuta polipu, vinyama vidogo vinavyoota kwa ukuta, vingine vimesimama kama uyoga lakini vingine vimelala bapa, milimita chache tu, rangi ni karibu ile ile ya ukuta. Polipu nyingi hazina shida, ila kansa nyingi za utumbo mpana huanzia kwa polipu, na kawaida huchukua miaka mingi, kama 10 hivi, kabla haijageuka. Hio miaka ndio nafasi yako. Ikionekana mapema inakatwa hapo hapo na waya na umemalizana nayo. Sasa weka juu yake tope la mboga, nani ataiona? Ni kama kutafuta sarafu imeanguka ziwani pale Dunga wakati gugumaji limefunika ufuo. Na hatari kubwa zaidi kuliko kipimo kusimamishwa ni kipimo kimalizike tumbo likiwa nusu safi, uambiwe hatujaona kitu, urudi nyumbani umetulia miaka yote hio na kitu kiko ndani.

Mimi ni mwalimu kwa hivyo hii ya kupeana maksi niliipenda. Madaktari wana kipimo cha usafi wa tumbo kinaitwa cha Boston, kilichapishwa mwaka 2009. Utumbo unagawanywa sehemu tatu, kulia, katikati na kushoto, kila sehemu inapewa alama kutoka 0 mpaka 3, jumla inaweza kufika 9. Ili daktari aamini alichoona, kila sehemu inatakiwa ipate angalau 2. Kila sehemu, si jumla peke yake. Kushoto ukipata 3, katikati 3, kulia ukipata 0, hio 6 yako haisaidii. Ukipewa ripoti angalia kama wameandika usafi ulikuwa wa kiwango gani, na kama hawajaandika uliza, ni haki yako na si kusumbua mtu.

Na ni kulia ndio kunasumbua zaidi. Chakula kikitoka utumbo mdogo kinaingia utumbo mpana upande wa kulia, chini kidogo, karibu na ile sehemu ya apendiksi. Ukinywa dawa yote jioni ukalala, usiku mzima ule utumbo mdogo bado unafanya kazi yake, unateremsha majimaji na nyongo, na inakuja kutua pale pale kulia inaganda. Asubuhi kushoto ni safi na wewe unaona maji masafi yanatoka unadhani umemaliza, kumbe kulia kumechafuka tena. Ndio sababu siku hizi dawa inagawanywa mara mbili, nusu jioni na nusu alfajiri siku yenyewe, ile nusu ya pili ianze kama masaa manne hadi sita kabla ya kamera na iishe angalau masaa mawili kabla, ndio tumbo la juu liwe tupu ukidungwa dawa ya usingizi. Kama muda wako ni saa tatu asubuhi, unaamka saa kumi alfajiri unaanza kunywa, saa kumi na mbili uwe umemaliza, ikichelewa sana saa moja. Najua kuamka hio saa kunywa dawa ya kuharisha ni ngumu. Lakini ukiniuliza katika mambo yote nimeandika hapa ni gani usikubali kuacha, ni hio nusu ya alfajiri. Uvimbe wa ndugu yangu ulikuwa kulia.

Sasa ile alfajiri na matatu haziendi pamoja. Huwezi kunywa dawa saa kumi ukiwa Ugunja halafu saa moja uko ndani ya Nissan unapita Yala, Luanda, Maseno, inasimama kila stage, na tumbo linaendesha. Haiwezekani, na kwa sababu haiwezekani watu wanakunywa yote jioni, hakuna siri hapo. Dawa yake ni moja, lala karibu na hospitali. Kama hospitali yako iko Kisumu na una mtu wako Migosi, Kondele, Nyalenda, Mamboleo, popote mjini, mpigie simu mapema umweleze kinaga unakuja kufanya nini ndio ajipange. Kuna watu mila haiwaruhusu kulala kwa nyumba ya mkwe, hasa wazee wetu, na hapo usimlazimishe mama mkwe ju atakubali kwa mdomo halafu usiku mzima ajizuie kwenda choo kwa aibu. Mtafutie lojing ya bei nafuu yenye choo ndani, aende na binti yake au dada yake. Na kama hio yote imeshindikana, omba hospitali ikupe muda wa mchana. Ukiwekwa saa saba au saa nane dawa ya asubuhi unaianza saa mbili au saa tatu, na unaweza kusafiri alfajiri kabla hujaianza. Wengi hawajui wanaweza kuuliza.

Chakula. Hospitali nyingi zinasema uanze kupunguza siku mbili au tatu kabla, wengine siku hizi wanasema siku moja inatosha kwa mtu asiye na shida ya choo kigumu, fuata ya hospitali yako. Ila kitu unachofuata ni hiki, unatafuta chakula kinachoyeyuka chote tumboni kisiache makapi. Kwa hivyo mboga zetu zote zinangoja: sukuma, mrenda, osuga, dek, kunde, mitoo, terere. Zote. Mrenda hasa, ju unateleza mdomoni ukadhani utateleza hadi nje, lakini yale majani yana nyuzi na yanashika. Githeri hapana, nyoyo hapana, maharagwe na ndengu hapana, njugu hapana, simsim hapana, mahindi ya kuchoma hapana. Mapera, pasheni, tikiti, nyanya na mbegu zake, hizo mbegu zinaenda kuziba ule mfereji mdogo wa kufyonza maji kwenye kamera, daktari anabaki anahangaika. Miwa pia. Omena tunaila nzima na mifupa yake na nyanya juu, iache. Ugali wa wimbi au mtama, na hata ule wa mahindi ya posho mill yaliyosagwa na maganda, weka kando.

Unachokula ndio watu wanashangaa. Ugali mweupe wa unga wa paketi uliokobolewa, ndio. Wali mweupe, ndio. Mkate mweupe, mayai, viazi vya kizungu vilivyomenywa vikachemshwa, kuku bila ngozi, samaki. Ngege au mbuta wa kuchemsha ukatoa mifupa ukala na ugali mweupe na mchuzi uliochujwa, hio ni chakula halali kabisa ya maandalizi na hakuna mtu Kisumu atakosa. Kile chakula daktari wa lishe anakukataza siku zote ndio unakula hizi siku, halafu ukimaliza unarudia mboga zako, ju mboga ndio zinalinda tumbo kwa maisha yote yaliyobaki. Mama yetu ilimsumbua sana hii, alikuwa anaona tunamnyima mtoto wake mboga wakati ni mgonjwa, ikabidi ndugu yangu mwenyewe amweleze pole pole.

Siku ya kuamkia kipimo, mara nyingi baada ya kiamsha kinywa chepesi, unaingia kwa vinywaji peke yake, na ni vile unaweza kuona upande wa pili wa glasi. Maji, turungi yaani chai bila maziwa, kahawa nyeusi, supu ya kuku iliyochujwa mpaka ikabaki maji, glukosi, juisi ya tufaha ile angavu, soda nyeupe. Maziwa hayaingii hapo, wala chai ya maziwa, wala uji, wala maziwa lala, wala juisi ya embe. Rangi nyekundu na zambarau usiguse kabisa, zile soda na juisi za blakarenti, ju zikibaki ndani zinafanana na damu. Na unywe kwa wingi na tofauti tofauti, si maji matupu peke yake, mwili unahitaji chumvi na sukari pia hio siku, ndio usipate kizunguzungu. Njaa itakuja jioni, inakuja inaenda, turungi yenye sukari na supu yenye chumvi zinaisukuma.

Dawa unazomeza kila siku, hapo tafadhali usijiamulie. Ayani inaachwa mapema, kawaida kama wiki moja kabla, ju inafanya choo kuwa cheusi na kinanata kama lami na kinabaki kwa ukuta ata ukikunywa lita ngapi. Kwetu watu wengi wanaotumwa kolonoskopi wanatumwa kwa sababu ya upungufu wa damu, maanake wengi wako kwa ayani, kwa hivyo hilo lingekuwa swali la kwanza kwa kila dirisha. Dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini, daktari ndiye anasema zinaachwa au la na kwa siku ngapi, kuziacha kiholela kunaweza kuleta kiharusi. Mwenye sukari anayedunga insulini au kumeza tembe, mweleze daktari kabla, dozi lazima ipangwe upya ju hautakula, na omba uwekwe asubuhi mapema kwenye foleni. Dawa ya presha wengi huambiwa wameze na maji kidogo kama kawaida. Na ukiwa na shida ya figo au moyo sema kwa sauti, hata kama hujaulizwa, kwa sababu inaamua utapewa dawa gani ya kuosha tumbo.

Hio poda inayotumika sana inaitwa polyethylene glycol, na inafanya kazi kwa njia rahisi: ni molekuli kubwa ambayo utumbo hauwezi kufyonza, inashikilia maji inayochanganywa nayo, maji yote yanapita moja kwa moja yanasukuma uchafu yakitoka. Imetiwa chumvi kwa kipimo ili mwili usipoteze sana wala usipate sana. Ilitengenezwa Dallas huko Marekani na kikundi cha daktari John Fordtran, walichapisha mwaka 1980, na kabla ya hapo watu walikuwa wanakaa siku kadhaa kwa maji maji, wanapewa mafuta ya nyonyo na enema. Sasa kuna pakiti za lita 4 na kuna za lita 2, unazigawanya nusu kwa nusu, na hospitali zingine huongeza tembe za kuharisha zinaitwa bisakodili. Kuna nyingine ya pikosulfeti na magnesiamu ambayo ni maji kidogo, hio si ya kila mtu, hasa si ya mwenye figo mbovu.

Na hapa lazima niseme kitu. Poda ni pesa, na kuna watu mtaani watakuambia si ununue tu chumvi ya haluli, si nyanya yetu alikuwa anatuosha tumbo na miti, ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Kuna dawa ya fosfeti ilikuwa inapendwa sana ju ilikuwa kidogo na rahisi kumeza, ikaonekana inaharibu figo za watu wengine, na mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaiwekea onyo kali kabisa. Kuna sukari inaitwa manitoli, vijidudu vya tumboni vinaichachusha inatoa haidrojeni, na Ufaransa mwaka 1979 iliripotiwa mgonjwa aliyefariki baada ya gesi kulipuka ndani ya utumbo wakati daktari anakata polipu kwa waya wa umeme. Hizo ni dawa zilizotoka hospitali na zikaleta hayo, sasa mti ambao hakuna mtu anajua umebeba nini? Kama bei imekushinda mwambie daktari au famasia, waulize kama kuna ya bei ya chini inayokufaa wewe, lakini ukiwa umewaonyesha vipimo vyako vya figo.

Kuinywa sasa. Ladha ni ya chumvi chumvi na ina utelezi, na ukianza kupigana nayo kwa akili itakushinda. Changanya mapema uiweke baridi, kama hakuna friji weka jagi ndani ya beseni la maji baridi. Kunywa glasi ya mililita 250 kila dakika 10 hadi 15, usimeze taratibu kama turungi, shusha kwa mkupuo, wengine wanapitisha na mrija nyuma ya ulimi, halafu lamba ndimu. Tembea tembea ndani ya nyumba, inasaidia tumbo kuamka. Ukisikia baridi na kutetemeka jifunike, ni maji baridi mengi kwa wakati mmoja, kunywa turungi ya moto katikati. Ukisikia kutapika simama nusu saa, vuta hewa, halafu endelea pole pole, usiache. Ukitapika kila kitu, au tumbo likivimba na kuuma vibaya na hakuna kinachotoka, piga simu hospitali usingoje asubuhi. Wengine wanaanza kuendesha ndani ya saa moja, wengine hadi masaa matatu.

Choo ndio watu hawasemi. Ukiishi kwa ploti ya choo ya kushea, ongea na majirani mbele, mwambie tu mama wa nyumba ya karibu nina kipimo hospitali usiku wa leo nitakuwa naenda sana, hakuna mtu mwenye roho atakataa, na bado uwe na ndoo yako yenye kifuniko ndani ya nyumba. Jaza maji kwa mitungi siku moja mapema, Kisumu maji yanaweza kukatika siku hio hio. Chaji simu, weka tochi. Kijijini na choo cha shimo, mzee asitembee peke yake gizani, anaweza kusikia kizunguzungu aanguke, mwekee ndoo au kiti cha choo ndani na mtu wa kumsaidia ambaye yeye mwenyewe amekubali, mwulize ni nani angependa. Tishu laini, kitambaa chenye maji vuguvugu badala ya kusugua, na vaselini ujipake mapema kabla ngozi haijachubuka. Hio vaselini ni kitu kidogo lakini inaokoa watu.

Utajuaje uko tayari? Mwanzo inatoka ya kawaida, halafu uji uji, halafu maji ya kahawia yenye takataka, halafu yanaanza kuwa angavu. Mwisho wake ni maji ya manjano kama mkojo, bila vipande, ukiangalia unaona chini. Hio manjano ni nyongo, haina neno. Ukifika asubuhi na bado ni ya kahawia na nzito, mwambie sista kabla hujabadilisha nguo. Usiogope kwamba watakurudisha nyumbani, mara nyingi kuna kitu wanaweza kufanya, watakuongezea dawa au wasogeze muda wako mchana. Anayekuwa na choo kigumu siku zote, au anameza dawa kali za maumivu, au ana sukari ya miaka mingi, au mara ya kwanza ilikataa, huyo aseme wakati wa kuandikishwa, ju anahitaji maandalizi marefu zaidi kuliko mwingine.

Nenda na mtu mzima wa kukurudisha, ile dawa ya kusinzia inakaa mwilini, hauruhusiwi kuendesha gari wala boda wala kuweka sahihi kitu cha maana mpaka siku ipite. Baada ya hapo utatoa hewa nyingi, ni ile walipuliza wakati wa kuangalia, iache itoke usijizuie. Ukiona damu nyingi, homa, au tumbo likaze na kuuma siku zinazofuata, unarudi mara moja.

Watu wa umri wetu tunadhani hii ni ugonjwa wa wazee. Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alitangaza mwenyewe mwaka 2019 kwamba ana kansa ya utumbo mpana hatua ya nne, akafariki Julai 26 mwaka huo huo, alikuwa na miaka 41. Marekani mwaka 2021 walishusha umri wa kuanza kupima kwa mtu asiye na dalili kutoka 50 hadi 45. Na kama una mzazi, ndugu au mtoto aliyepatikana nayo, ushauri ni uanze ukiwa 40 au miaka 10 kabla ya umri ambao yeye alipatikana, chochote kitakachotangulia. Ndugu yangu alipatikana akiwa 46. Hesabu ni 36, na sisi wadogo zake wote tulikuwa tumeshapita hapo.

Mimi nimefanyiwa. Niligawanya dawa, nikakula mbuta na ugali mweupe, nikaamka saa kumi alfajiri, ripoti imeandikwa tumbo safi sehemu zote tatu, na walipata polipu moja ndogo wakaitoa hapo hapo ikapelekwa maabara, haikuwa kansa. Nirudi baada ya miaka 5.

Anayefuata ni dada yetu wa Busia, ako na tarehe mwezi ujao, amewekwa asubuhi. Atakuja kwangu mapema ndio asisafiri na njaa, mke wangu ndiye atakaa naye usiku ju wanaelewana, mimi nitalala kwa jirani awe huru ndani ya nyumba. Ayani ameshaambiwa tarehe ya kuacha, tumeandika kwa karatasi kubwa imebandikwa kwa kabati yake ya vyombo. Amebaki na swali moja tu, kama mrenda unaweza kuruhusiwa ukichujwa. Nimemwambia hapana, ungoje, tutaupika siku hio hio akitoka.